Bustani Iliyokunywa Kisima

Nyie mliochukua kazi yangu mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kwenye Mfuko wetu wa bustani, na nimekaa wiki nzima naiangalia karatasi. Si kwamba sina la kusema. Mnanijua, mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Tatizo ni kwamba mengi ya maana niliyoyajua niliyajua kwa kukosea, na mtu wa umri wangu hapendi kuanika nguo zake za ndani mbele ya vijana. Lakini nimestaafu, cheo sina, wa kunifukuza hayupo. Basi kaeni mnisikilize.

Nianze na kosa dogo ili nipate joto. Familia moja ya wauza vitenge ilitupa mabenchi manne ya chuma, mazuri, yamepakwa rangi ya kijani. Nikayapanga mwenyewe saa mbili asubuhi kwenye kivuli safi kabisa, nikapiga na picha. Ilipofika saa kumi jioni, saa ambayo watu wa Tabora ndiyo wanatoka kupunga upepo, kivuli kilikuwa kimehamia ng'ambo na mabenchi yanachoma kama kikaango. Wiki nzima hakuyakalia mtu ila mlevi mmoja, naye aliruka.

Mzee Kaseko alipoyaona alicheka hadi akashika mti. Huyu alikuwa bwana miche wetu, Mmoraviani wa kule Isikizya, aliyeanza kuotesha miti kabla mimi sijaolewa.

"Mayo," akaniambia, maana kwa Kinyamwezi ndivyo alivyoniita siku zote, mama, "wewe unamjua mtu anayekuja kukaa bustanini saa mbili asubuhi? Huyo hana kazi? Na kama hana kazi, si yuko anaitafuta?"

Tukayahamisha. Tangu siku hiyo sijaweka kitu cha kukalia bila kwanza kusimama mahali pale saa kumi jioni, mwezi wa tisa, jua likiwa kali. Na nyie fanyeni hivyo. Michoro ya kwenye kompyuta inapendeza, lakini haitoki jasho.

Kaseko hakuwa msemaji, ila alichonifundisha kimenilisha miaka yote. Samadi mbichi usiitie shimoni, iache ikae mpaka ukiishika haina joto tena, la sivyo mche unaungua ukiwa umesimama. Chupa ya plastiki itoboe kwa sindano, izike shingo ikiwa juu karibu na mizizi, ijaze mara mbili kwa wiki, na mche utavuka kiangazi cha Tabora bila wewe kuonekana. Mche ukinyauka asubuhi, upe maji. Ukinyauka mchana na jioni ukasimama, uache, unajikinga na jua tu. Nimewaona baadhi yenu mkimwaga maji saa saba mchana, na nimenyamaza kwa kuwa mimi ni mgeni sasa, lakini roho iliniuma.

Kuhusu kuomba michango, nyie mmebahatika. Mnatuma ujumbe kwenye simu na mchango unaingia kabla chai haijapoa. Sisi tulipita mlango kwa mlango, na mara nyingi hatukupewa fedha, tulipewa vitu: gunia la samadi kutoka Kigwa lililoletwa na treni, viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, siku moja ya kulima, ndoo ya maji. Ukiingia nyumba ya mtu usianze na bustani. Piga hodi, toa shikamoo kwa anayestahili, kaa, kunywa unachopewa. Uliza mgonjwa wa nyumba ile anaendeleaje, maana kila nyumba ina mgonjwa. Bustani ije mwisho, tena ije kama vile umekumbuka ukiwa unaaga. Niliwahi kuianza moja kwa moja kwa Mwarabu mmoja wa mjini, akaniambia kwa upole, "Binti, hata wewe mwenyewe hujafika bado." Nikakaa chini upya.

Na kwenye vitu hivyo vya kupewa ndipo lilipo kosa langu kubwa. Nimelizungukia vya kutosha, sasa nilitoe.

Mnaijua ile bustani ya kwenye njia ya zamani ya Ujiji, ambayo wazee walikuwa wakisema wapagazi walitua mizigo yao hapo na kunywa maji. Tulipopewa ilikuwa dampo. Kitu kizima pekee kilikuwa kisima pembeni, kisima kifupi cha kuteka kwa ndoo na kamba, na mlango wa Bi Zuhura ulikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Bi Zuhura alikuwa mjane, akifua na kupiga pasi nguo za walimu na watumishi wa nusu ya mji. Kisima kile ndicho kilichomlisha. Bila maji ya karibu, mfua nguo ni mtu aliyekaa na sabuni.

Tulipoanza, tukamwomba kila jirani atupe maji ya miche jioni. Wengine walitoa wiki ya kwanza wakachoka. Bi Zuhura hakuchoka. Ndoo mbili kila jioni, baada ya kazi, mikono ikiwa imechubuka kwa sabuni. Nilimwambia hata moja inatosha.

"Moja yangu, moja ya marehemu mume wangu," akasema. "Yeye alipenda kivuli kuliko kazi."

Mwaka wa pili akaja Mzee Salum. Alikuwa fundi seremala, mzaliwa wa mjini hapa, na sidhani kuna nyumba ya zamani Tabora ambayo mlango wake mmoja haukupita mikononi mwake. Mkewe, Bi Asha, alikuwa amefariki. Siku moja akaja na mkokoteni umejaa miche ishirini na kitu, ameiotesha mwenyewe uani kwake, imenyooka kama askari. Akasema ni sadaka ya Asha, na angependa ipandwe pale pembeni, karibu na kisima.

Ilikuwa mikaratusi.

Kaseko akanivuta kando. "Mayo, mti huu unakunywa. Kule mashambani tunaupanda kwenye majaruba ya mpunga tunapotaka kuyakausha. Hapa kisima kiko hatua chache."

Nilijua anasema kweli. Lakini mzee wa watu alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, miche imeshateremshwa, na wenzake wawili wa msikitini wamekuja naye kusoma dua. Kwetu hapa mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili huwezi kumwambia akirudishe, sembuse kitu cha marehemu. Nikamwambia Kaseko, "Mzee, sasa tutamrudishaje?" Akaniangalia kidogo, halafu akachukua jembe akaenda kuchimba mashimo. Hakulisema tena jambo lile hata siku moja, na ningependa angelisema.

Wala sikumwuliza Mzee Salum kwa nini alipataka hapo na si kwingine. Bustani nzima ilikuwa tupu. Swali moja tu, na nilikuwa na mdomo.

Dua ikasomwa, mimi Mkatoliki nikafanya ishara ya msalaba kimoyomoyo, miche ikapandwa. Na aliyeinywesha kiangazi kile cha kwanza ni nani? Bi Zuhura, ndoo mbili kila jioni, kwa kamba yake mwenyewe.

Mikaratusi haina mchezo. Mwaka wa tatu tangu ipandwe ilinipita kwa urefu mara mbili, watu wakaja kupiga picha za harusi, nami nikatembea pale kifua mbele kana kwamba nimeizaa. Mwaka wa nne Bi Zuhura akaniambia maji yameshuka, ameunga kamba ya ndoo. Nikamwambia mvua zilikuwa chache. Mwaka wa tano akaiunga tena. Mwaka wa sita, mwezi wa nane, akaja ofisini kwetu bila hodi, akatua ndoo mezani kwangu, juu ya makaratasi. Ndani yake kulikuwa na tope.

"Bustani yenu imekunywa kisima changu," akasema. "Na mimi ndiye niliyeifundisha kunywa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa ameanza kununua maji ya madumu ya mkokoteni, na aliyebaki na faida ni mwenye mkokoteni. Wateja wawili wakubwa walishaondoka kwa sababu nguo zilichelewa. Nilimwahidi nitalimaliza, akaondoka, nikabaki na aibu ambayo sijapata kuwa nayo kazini.

Sasa sikilizeni nilivyolimaliza. Njia ilikuwa moja tu: kwenda kwa Mzee Salum na kumwambia, mzee, miti ya mkeo imekausha kisima, tunaomba kuing'oa. Nilikwenda. Nikatoa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, hakuwa anatoka tena. Ukutani kulikuwa na picha ya Bi Asha. Akaniuliza, "Miti yake haijambo?" kwa namna mtu anavyouliza habari za watoto.

Nikamwambia imeingiliwa na mchwa.

Ilinitoka tu. Nikaendelea kuipamba: mchwa wamekula ndani, itaangukia watu, inabidi tuikate. Akaigeukia picha ya mkewe. Kisha akasema, "Kama imekufa, imekufa. Kateni," akanishukuru kwa kuja kumwambia. Akanishukuru! Nilitoka nikijiona mwenye huruma. Nilijisemea nimemkinga mzee wa watu na uchungu. Ukweli ni kwamba nilijikinga mwenyewe, nisiuone uso wake.

Kaseko akaniambia mkaratusi haukatwi, unang'olewa. Mti ule ukiukata unachipua, na mizizi inaendelea kunywa kama kawaida. Lakini kung'oa visiki ishirini na kitu ni kazi ya watu wengi, na ukiwaita watu wengi watauliza sababu, na sababu itatembea hadi kwa Mzee Salum. Kwa hiyo nikachukua wakataji wawili, wakaangusha miti siku mbili, ikaisha. Mnaona jinsi uongo ulivyonipangia kazi? Kazi nikaifanya vibaya makusudi, na mimi ndiye niliyeijua vizuri.

Mvua zikaja, na visiki vikachipua kana kwamba vimetiwa mbolea ya serikali. Nikafyeka. Vikachipua. Kufyeka machipukizi ya mkaratusi ni kama kunyoa ndevu, unazipa nguvu tu. Kiangazi kikafika na kisima kikakauka tena. Bi Zuhura akasimama mlangoni kwake akiniangalia na panga langu.

"Mama," akaniuliza, "mmeng'oa au mmenyoa?"

Nikashusha panga. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Akaacha kufua, akaanza kuuza karanga za kukaanga, biashara ambayo hakuipenda wala haikumpenda. Bado alinisalimia, lakini alinisalimia kama mtu wa ofisini.

Mvua zilizofuata, mwezi wa kwanza, Mzee Salum akapata nafuu ya miguu. Akapanda bodaboda kwenda kumwona mgonjwa, na njia ikampitisha bustanini. Sikuwapo, lakini aliyekuwapo alinieleza. Mzee aliteremka, akaenda na mkongojo wake hadi kwenye visiki, akainama. Akashika machipukizi. Kisha akapapasa uso wa kisiki kimoja kwa kiganja, kama alivyopapasa mbao maisha yake yote, akauliza ofisi yangu iko wapi.

Alipoingia nilisimama. Nikatoa shikamoo. Hakuitikia.

"Mimi nimekula mbao miaka hamsini," akasema. "Mchwa nawajua kwa jina. Mti ule ulikuwa mzima. Umeniulia miti ya Asha kwa sababu gani?"

Nikamwambia yote. Kisima, Bi Zuhura, kamba iliyoungwa, onyo la Kaseko siku ya kupanda. Nilipofika kwenye ndoo ya tope nikaanza kulia, na sikulia kwa kumwonea huruma, nililia kwa aibu, msinipambie. Nilimaliza nikasubiri anitukane.

Hakunitukana. Alikaa. Uso wake ndio ule niliouogopa mwaka mzima, na ulikuwa mbaya kuliko nilivyouwaza.

"Unajua kwa nini nilipataka pale?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Sikuuliza."

"Asha alikuwa akiteka maji pale. Tangu usichana wake hadi mgongo ulipomshinda. Ndipo nilipomwona mara ya kwanza, amejitwika ndoo, hana hata kivuli cha kupumzikia. Nikasema anayeteka pale baada yake apate kivuli." Akafuta uso kwa kofia. "Kumbe nimekausha kisima cha Asha kwa jina la Asha."

Nikasema tu, "Nisamehe. Nilitaka nisikuumize."

"Umeniumiza hivi hivi," akasema. "Tofauti ni kwamba ungeniambia siku ile, ningekuwa nimemkosea yule mama miaka mitano. Sasa nimemkosea sita. Huo wa sita ni wako, lakini umeuandika kwa jina langu."

Wanangu, nimesikia mawaidha mengi kanisani na kwenye semina. Hakuna lililoniingia kama hilo. Tunapenda kuwatunza watu waliotupa kitu, tunawapamba kwa maneno, tunawaficha yaliyoharibika, tukidhani ndiyo heshima. Mtu aliyekupa mti wake amekuamini na mti huo. Ukiharibika ana haki ya kujua kabla ya jirani, tena ana haki ya kushika jembe. Mkisahau samadi na chupa na mabenchi, hili mlishike.

Na jembe alilishika. Siku ya tatu mafundi seremala wa mji mzima walikuwa bustanini, na waashi, na vijana wa msikitini, na kwaya yetu ya kanisani niliyoiomba mimi, safari hii nikitaja sababu mbele ya kila mtu. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Mzee Salum alikaa kwenye kiti akielekeza kila mzizi: huu fuata, huu kata pale. Kaseko, ambaye hakuwahi kupokea amri ya mtu, akapokea zake. Bi Zuhura alipika uji wa watu wote kwa maji ya madumu. Mzee Salum akamwomba radhi hadharani, naye akamjibu, "Mzee, maji ya kuinywesha nilitoa mimi. Tugawane." Wakacheka wote wawili, na mimi nikainamia kisiki changu nikachimba.

Tukapanda miti ya aina nyingine baadaye, kwa ushauri wa Kaseko, mbali na kisima. Lakini tope la mwaka mmoja haliondoki kwa siku moja. Kila Ijumaa nilipita kwa Mzee Salum, na kila Ijumaa aliniuliza, "Kamba imefika wapi?" Mwezi wa tano nilimwambia inashuka. Wa sita nikamwambia bado inashuka, tena imefika pale ilipofika mwaka jana. Kulisema hilo kulikuwa kugumu, maana alikuwa kitandani moja kwa moja. Akatikisa kichwa.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Mwezi wa saba maji hayakushuka tena. Bi Zuhura hakuniambia, alingoja ahakikishe, alikuwa ameshaamini ofisi yetu mara moja na kuumia. Aliteka kidogo kidogo kila asubuhi, akitazama.

Mzee Salum alifariki mwanzoni mwa mwezi wa nane, asubuhi. Nilipofika msibani mabomba ya mtaa ule yalikuwa hayatoi maji, kama kawaida ya kiangazi, na wanaume waliokuwa wanajiandaa kumwosha walikuwa wanaulizana pa kupata maji. Mtu akatumwa kwenda kutafuta mkokoteni wa madumu. Kabla hajafika kona nikamwona Bi Zuhura anakuja, ndoo kichwani, nyingine mkononi, kanga imelowa. Maji yalikuwa meupe. Mwezi wa nane.

Alitua ile ya mkononi mbele yangu.

"Hii mpelekee wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unampa habari."

Nikaibeba hadi mlango wa chumba walimomlaza, maana ndani kuliingia wanaume tu. Mtu akatoa mikono kuipokea. Kabla sijaiachia nikasema, kwa sauti ya kufika ndani, "Shikamoo, Mzee Salum. Haya ni maji ya kisima cha Asha," na nikangoja kidogo pale mlangoni, kama mtu anayengoja kuitikiwa.